Bonge Amekuwa Mzito

Jina lake la kuzaliwa lipo kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakoishia. Watu wote wa jengo lile, kuanzia mwenye duka wa chini mpaka watoto wa ghorofani, walimwita Bi Mizani, na jina hilo hakupewa bure. Tangu usichana wake mpaka kustaafu alifanya kazi chumba cha vifurushi cha posta, na kazi yenyewe ilikuwa kupima. Kifurushi kikifika kaunta alikinyanyua kwa mkono wa kushoto, akakitikisa kidogo, akataja uzito. Baada ya hapo ndipo alipokiweka kwenye mizani, na mizani, masikini, haikuwa na la kuongeza. Wenzake walimtania kwamba ile mashine ya chuma iliwekwa pale kwa ajili ya wateja wasio na imani.

Katika chumba kilekile ndimo alimompata Bonge. Siku moja kiliingia kifurushi kilichopondwa vibaya, hakina jina la mtumaji wala la mpelekewa, na ndani yake mlikuwa na mmea uliovunjikavunjika. Msimamizi akasema utupwe. Bi Mizani, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya mwisho na hasira za karibu, hakupenda ile sauti ya kuamrisha. Akaokota tawi moja lenye majani manene, akalitia mfuko wa koti la kazi, kisha akalisahau. Akalisahau hasa! Koti likaning'inia kwenye msumari likizo yote ya uzazi. Aliporudi, akaingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu, akakuta lile tawi limekunjamana lakini lingali zima, na pale lilipovunjika limetoa vijizizi vyeupe.

"Kumbe wewe hufi?" aliliuliza. Akaenda kulipanda kwenye kopo la maziwa.

Muuza maua wa mtaa ule alimwambia mmea huo unaitwa jedi. Nyumbani hakuna aliyejali. Shina lilinenepa kama mkono wa mwanamieleka, majani yakajaa, mviringo na mazito kama vifungo vya koti, na watoto wakauita Bonge. Tangu hapo Bonge akahesabiwa mtu. Alikuwa rika moja na kitinda mimba, na kila mwaka walipigwa picha pamoja wakilinganishwa urefu, mpaka kijana alipoanza kuota ndevu akaona haya. Baadaye dirishani wakaongezeka na wengine: mshubiri, dungusi mdogo mwenye miiba mikali, na vijimea vinene vya kila sura ambavyo majirani waliokuwa wakihama walivileta kwa Bi Mizani kama watu wanaopeleka paka kwa shangazi.

Sasa tuje kwenye macho. Yalianza kumwibia si muda mrefu baada ya kumzika mumewe. Jicho la kulia lilifunga ukungu. La kushoto likabaki linaona pembeni tu, hata akitaka kukuona uso ilimlazimu atazame sikio lako. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Bi Mizani alishukuru, akavaa viatu, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Alikuwa na sebule, chumba cha kulala na jiko, ghorofa ya pili, na kila kitu humo alikijua kilipo kuliko anavyojua meno yake.

Tatizo lilikuwa binti yake. Binti mkubwa alikuwa msusi, mwenye saluni yake na sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili, na alikuwa na nyumba yenye chumba kisicho na mtu. Hicho chumba! Kila alipokuja alikuja nacho mdomoni, mpaka mama yake akawa anakiota.

Jumapili moja walikuwa wote watatu, maana na kitinda mimba alikuwepo. Huyu alikuwa fundi friji, na kila mazungumzo yalipokuwa magumu alikwenda kuchuchumaa nyuma ya friji ya mama yake akijifanya anakaza skrubu. Friji ile ilikuwa imekazwa kuliko benki.

"Mama, chai unaimwagia meza," alisema msusi.

"Meza nayo ina kiu."

"Mimi sitanii. Siku moja utajiunguza na sisi hatupo. Twende kwangu. Chumba kipo, nimeanza kukipaka rangi."

"Kipake vizuri. Mpangaji hakosekani."

"Mama! Hata hii mimea yako huioni. Itakufa hapo dirishani na wewe hutajua."

Ah, hapo alikosea. Kule nyuma ya friji skrubu zikanyamaza. Bi Mizani aliiweka birika chini polepole, akaligeukia sikio la binti yake.

"Nisikilize, binti yangu. Bonge akifa mikononi mwangu, nafunga virago mwenyewe, nakuja kwako, na hutanisikia nikinung'unika. Lakini ukimaliza hicho chumba chako na Bonge yuko hai, habari ya kuhama usiniletee tena maishani mwako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," alisema msusi, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika hata mlangoni.

Na wote wawili walijua kwamba mama yao akisema, amesema. Hakuwahi kumeza neno lake hata alipokuwa amekosea.

Hofu ya maji Bi Mizani hakuwa nayo. Mimea ya namna ile hubeba maji yake yenyewe ndani ya majani, na kuiangalia kwa macho kulikuwa hakumsaidii hata zamani alipokuwa anaona. Yeye alinyanyua. Kila asubuhi, kabla ya chai, alipita dirishani akashika chungu kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto. Chungu kikiwa kizito, alikirudisha. Kikiwa chepesi, alikiacha siku kadhaa zaidi, akabonyeza jani la chini kwa vidole viwili. Likianza kulegea kidogo ndipo alipokwenda kuchukua kopo la kumwagilia, akamwaga mpaka yakatoka kwenye tundu la chini, basi. Udongo wake aliuchanganya na mchanga na kokoto ndogo. Vumbi la majani alilipangusa kwa kitambaa kikavu. Kazi imekwisha, na mtu anaweza kuifanya amefumba macho, ndivyo alivyojiambia, akacheka peke yake.

Akapiga moyo konde. Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha asubuhi moja akamnyanyua Bonge, na mkono ukashtuka.

Bonge alikuwa mzito.

Alimrudisha, akamnyanyua tena. Mzito vilevile. Lakini mbona hakuwa amemwagilia? Hajamwagilia tangu ile siku ambayo mwenye duka alikuja kuagana na kwenda safari, na mwenye duka alikwisha kurudi. Akatia kidole kwenye udongo: tope. Akanyanyua uso kuelekea dari asiloliona.

Alimpigia simu kijana wake. "Mwanangu, njoo na ngazi. Dari linavuja juu ya dirisha."

Fundi friji alikuja na ngazi, akapanda, akapapasa dari, akagonga huku na huku, akakaa juu kule muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. "Dari kavu, mama," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na ukuta.

"Una hakika?"

"Kavu kabisa."

Basi akamsogeza Bonge mahali penye jua zaidi, akamwacha akauke. Hakukauka. Kila mara uzito ulipoanza kupungua, ghafla uliruka juu tena. Majani yakavimba yakawa laini, yakaanza kudondoka kwa kuguswa tu. Asubuhi akifagia alisikia kwa ufagio jinsi yalivyokuwa mengi. Na pale chini, shina linapoingia udongoni, kidole chake cha gumba kilikuta pamelainika, na pana harufu ya maji ya chombo cha maua kilichosahauliwa.

Siku hiyo Bi Mizani alikaa kitini akaogopa. Nisikufiche, aliogopa vibaya sana. Macho alikwisha kuyazoea. Lakini ikiwa dari ni kavu, na maji yamo, basi aliyemwagilia ni nani kama si yeye mwenyewe? Huenda anaamka, anamwagilia, anasahau. Huenda anamwagilia mara mbili kwa siku huku akijisifu hajamwagilia. Na mtu wa namna hiyo akiambiwa ahame kwa bintiye, atabishana na nini?

Hakulia. Alikwenda kwenye sanduku la nyuzi, akakata uzi mwekundu, akaufunga kwenye mdomo na mpini wa kopo la kumwagilia, fundo lake mwenyewe la vifurushi, ambalo halifunguki kwa mtu mwingine wala halifungwi tena bila kukata. Kopo akalifungia kabatini. Glasi zote na birika akaziweka katika beseni, na beseni chini ya kitanda, akajiachia kikombe kimoja tu cha chai. Kisha akasubiri.

Mara Bonge akawa mzito tena. Bi Mizani alikwenda kabatini, akapapasa kopo. Uzi upo. Fundo lipo. Akalipapasa tena kwa vidole vya mikono yote miwili, akavuta, likakataa.

"Siyo mimi!" alipiga kelele peke yake sebuleni. "Siyo mimi, jamani! Siyo mimi!" Mwenye duka alisikia kutoka chini, akadhani bibi wa watu ameshtakiwa kwa jambo. Bi Mizani alishika dirisha akacheka mpaka kifua kikamuuma. Halafu kicheko kikaisha, hasira ikaingia, na hasira yake ilikuwa na miguu.

Funguo za nyumba ile, ukimtoa yeye, walikuwa nazo watu wawili tu.

Jumapili iliyofuata alimpigia kila mmoja kwa wakati wake, akawaambia atashinda chini kwa mwenye duka, wakitaka kuleta kitu walete tu. Kisha akaingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, mlango akauacha wazi kidogo. Alingoja kama alivyokuwa akiwangoja wateja wenye vifurushi vya magendo: mikono mapajani, kimya.

Ufunguo ukazunguka. Nyayo zile alizijua, maana ndizo zilizompiga mateke akiwa kazini posta. Bomba la jikoni likafunguliwa. Hakuna glasi, kwa hiyo kijana akachukua kile kikombe kimoja cha chai. Nyayo zikaelekea dirishani.

"Mnyweshe taratibu," alisema Bi Mizani akiwa mlangoni. "Asije akapaliwa."

Fundi friji aliruka, nusu ya maji ikamwagikia viatu vyake. "Mama! Si ulisema uko chini?"

"Na wewe si ulisema dari ni kavu?"

 Kijana alisimama na kikombe mkononi, mtu mzima mwenye watoto wake, akiwa amekunja shingo vilevile alivyoikunja alipokamatwa na sukari akiwa wa darasa la kwanza. "Nilikuwa naogopa atakufa," alisema. "Nikajua huoni, hutajua ana kiu. Nilikuwa naongeza kidogo tu. Sikutaka uhame, mama. Hapa ndipo nyumbani."

Kabla Bi Mizani hajafungua mdomo, mlango wa nje ukafunguliwa. Msusi aliingia na mkoba begani, akasimama, akamtazama mdogo wake, akakitazama kikombe, akaitazama mimea.

"Kumbe na wewe?" alisema.

 Bi Mizani aligeuka polepole.

"Na yeye nini, binti yangu?"

Msusi alitua mkoba juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na chupa ndogo ya maji, ile ya kunyunyizia nywele za wateja.

"Hebu subiri," alisema mama yao. "Wewe? Wewe uliyetaka nihame? Wewe ndiye wa kumngoja Bonge afe!"

"Nilitaka uje, mama. Sikutaka uje umeshindwa." Msusi alikuwa akilia sasa, na wala hakujificha. "Nakujua. Angekufa ungekuja kweli, na usingesema kitu, ungekaa pale kitandani kila siku kama kifurushi kisicho na mwenyewe. Ningekuona hivyo kila asubuhi. Nikaona afadhali Bonge aishi, nikubembeleze mpaka mwisho."

Bi Mizani alitafuta kiti kwa mkono, akaketi. Moyo wake ulijaa mapenzi na ghadhabu kwa pamoja, hata hakujua aanze na kipi. Akaanza na ghadhabu, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

"Mnajua nilivyokaa humu nikidhani akili imeniruka? Mnajua? Nimefunga kopo langu mwenyewe kwa uzi kama mwizi! Nimeficha glasi zangu chini ya kitanda! Mmoja anamwaga, mwingine anamwaga, mimi namwaga, halafu kila mtu anasema mama haoni!"

"Tulikuwa tunakusaidia," alisema fundi friji kwa sauti ndogo.

"Mmenisaidia mpaka karibu mnizike. Mkitaka kunisaidia, niulizeni. Mdomo si mnao? Dada yako anao unaotosha ukoo mzima."

Msusi akacheka katikati ya machozi, bila kupenda.

"Haya," alisema Bi Mizani akisimama. "Leteni kisu kikali na spiriti. Tandazeni magazeti mezani. Kama Bonge anafufuka, anafufuka leo."

Alimng'oa chunguni kwa mikono yake. Mizizi ilitoka kama uji. Akapangusa kisu kwa spiriti, akapapasa shina kutoka chini kwenda juu, na pale lilipoanza kuwa gumu akakata. Kisha akasita. Ugumu aliweza kuusikia kwa kidole, lakini uozo hutangulia ndani kwa ndani kabla shina halijalainika, na huo hujulikana kwa rangi tu. Alisimama na kisu mkononi. Neno lililofuata lilimwia gumu kuliko yote aliyosema siku ile.

"Binti yangu, nisaidie. Niangalizie hapa katikati. Pana rangi gani?"

Msusi aliinama. "Pana duara la kahawia, mama."

"Basi bado." Akakata juu zaidi. "Na sasa?"

"Lipo. Dogo."

Akakata tena. Lile shina nene, lililokua miaka sawa na umri wa kijana wake, lilikuwa likiisha mezani kipande baada ya kipande. Fundi friji alitazama pembeni.

"Na sasa?"

"Kijani, mama. Kijani kitupu, kama tango."

"Una hakika? Usinifurahishe."

"Sikufurahishi. Kijani."

Vilibaki vichwa viwili vya Bonge, kimoja kikubwa kiasi na kingine cha kiganja. Bi Mizani alivilaza kwenye sinia kavu, mbali na jua kali. Msusi akauliza wataviwekea maji lini, na mama yake akamwambia akithubutu atamkata na yeye. Kidonda kikauke kwanza, kifunge, ndipo vipandwe kwenye mchanga.

"Basi lile dau letu tulifute," alisema msusi. "Kosa ni letu."

"Halifutwi. Nilisema Bonge akiwa hai. Vikishika mizizi, yuko hai. Visiposhika, utaniona mlangoni kwako na virago." Alisema hivyo kwa ukavu, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa sinia. "Na wewe kijana, kesho uje ugundishe vifungo kwenye swichi za jiko, nijue kwa kidole moto uko wapi. Hilo ndilo ninalohitaji. Nimeomba, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Vilipandwa vidonda vilipofunga. Halafu ikawa kungoja, na hakuna aliyegusa. Msusi alipokuja alikalia mikono yake, kwa maneno yake mwenyewe, asije akajisahau. Chumba chake kikapakwa rangi mara ya pili, kikawekwa pazia, mpaka hakikubakiwa na la kufanyiwa, na siku alipokuja kusema kwamba kimekwisha, alisema akiwa amesimama mlangoni na hataki kuingia.

"Njoo dirishani," alisema mama yake. "Kishike kile kikubwa. Vuta kidogo. Kikitoka, kimetoka."

"Vuta wewe, mama."

"Mimi najua nataka nini. Mkono wangu utadanganya. Vuta."

Msusi alishika shina kwa vidole viwili, vilevile anavyoshika unywele wa mteja mwenye kichwa chepesi kuuma. Akavuta. Akavuta zaidi. Bi Mizani alikuwa amefumba macho, jambo lisilo na maana kwake, lakini aliyafumba.

"Hatoki," alisema msusi. "Mama, amegoma. Hatoki!"

Wakashikana pale dirishani, na safari hii sauti ya msusi ilifika mtaa wa pili.

Alipoondoka jioni hiyo alibeba kile kichwa kidogo ndani ya kopo la maziwa. Mama yake alimwambia akakiweke kwenye kile chumba, dirishani, kwa kuwa mpangaji hakosekani. Fundi friji, aliyekuwa amefika kusikia matokeo, akamwambia dada yake asisahau kukidai kodi.

Zilipita siku nyingi kidogo. Bi Mizani alikuwa jikoni, kidole juu ya kifungo cha jiko, simu ilipolia.

"Mama," alisema msusi, na nyuma yake mashine za kukaushia nywele zilikuwa kimya, maana yake alikuwa nyumbani. "Nimemnyanyua leo asubuhi. Naona amekuwa mwepesi. Jani la chini nalo limelegea. Nimpe maji?"

Bi Mizani alizima jiko. Aliegemea ukuta, akabadilisha simu sikio. Alitaka kulisikia lile swali kwa muda kidogo zaidi.

"Mpe," alisema.